Babu Alikwenda Bama: Namna ya Kumtafuta Askari wa Ukoo na Kumkumbuka kwa Jina Lake

Medali ya babu mzaa mama niliikuta juu ya mtungi. Bibi alikuwa amefuma kitambaa cha kufunikia maji, na kwa kuwa upepo haukukiacha kitulie, alikishonea vizito kwenye pembe. Pembe tatu zilikuwa na shanga nene, ya nne ilikuwa na nyota ya shaba yenye ncha sita. "Hiyo ya babu yako, ya vita," alisema, akaendelea kupeta mchele. Nilikuwa na miaka kumi. Swali la pili nililiuliza nikiwa na arobaini.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye nyota kama hiyo nyumbani, au asiye na kitu ila sentensi moja ya ukoo: "Babu alikuwa Keya", yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, au "Mjomba hakurudi kutoka Uganda". Pale katikati ya Dar es Salaam, kwenye kipilefti cha Samora, sanamu ya Askari imesimama tangu 1927, singe yake ikielekea bandarini. Nairobi na Mombasa zipo sanamu za rika lake. Zote ziliwekwa kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa vita vya 1914 hadi 1918, na hakuna hata moja iliyoandikwa jina la askari mmoja. Kazi hiyo imebaki kwetu: kupata jina, namba, mahali na mwaka, kisha kuviweka pasipopotea.

Kabla ya makaburi, aliye hai

Aliyekuwa na miaka 20 siku Nyerere alipotangaza kumpiga Idi Amin, Novemba 2, 1978, leo amevuka 65. Ndiye mlinzi wa ghala la pembejeo, ndiye mzee wa barazani msikitini, ndiye yule anayechechemea mnayedhani aligongwa na pikipiki. Wengi waliokwenda Kagera walikuwa mgambo waliotoka vijijini, wakarudi kwenye majembe yao vita vilipokwisha. Hao hawana cheo cha kutangulizwa mbele ya jina, na sherehe zikija hawaitwi jukwaani.

Ukiwa na mzee kama huyo karibu, mambo ya kumbukumbu yasubiri kidogo. Mwulize kwanza kama karatasi zake zipo na kama zimekaa pakavu. Nenda naye kwa mshauri wa mgambo wa wilaya aulize haki zake mwenyewe. Usimsemee, mshikie mkoba tu. Wastaafu wa jeshi wana umoja wao: kwetu kuna Tanzania Legion, Kenya kuna DEFOCA. Wale wachache waliobaki wa Keya ya vita vya Hitla, ambao sasa wanakaribia au wamepita miaka mia, husaidiwa kupitia vyama hivyo na Royal Commonwealth Ex-Services League ya London.

Na hapa niseme jambo linaloniudhi. Kila baada ya miaka kadhaa huzuka watu vijijini na daftari, wanaandikisha "fidia ya Keya". Wajane wa askari huambiwa watoe ada ya fomu, ada ya picha, ada ya nauli ya kwenda kwa wakili. Bibi aliandikishwa mara mbili, mara ya pili aliuza kuku watatu. Hakuna kilichorudi. Anayetaka pesa kwanza ili akuletee pesa ya askari aliyekufa, mpe maji ya kunywa na umwonyeshe njia.

Hatua ya kwanza: jua ni vita gani

Wazee hawasemi Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wanasema vita vya Mjerumani (1914 hadi 1918), vita vya Hitla (1939 hadi 1945), vita vya Nduli, yaani vya Kagera dhidi ya Idi Amin. Sikiliza pia majina ya nchi. Ukisikia Habeshi, ni Ethiopia, mwaka 1941. Bukini ni Madagaska, 1942. Silani, au Kolombo, ni Sri Lanka, ambako vikosi vya Afrika Mashariki vilikaa vikifanya mazoezi kabla ya kuvushwa kwenda Bama, yaani Burma, mwaka 1944. Mtu aliyetaja Silani lakini hakutaja Bama inawezekana aliumwa au aliachwa nyuma. Aliyetaja Bama na mvua kwa pamoja karibu hakika alipita Bonde la Kabaw na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Katika divisheni hiyo batalioni za Tanganyika zilikuwa ya 26 na ya 36, za Kenya na Uganda zilikuwamo, na za Nyasaland pia.

Kama kisa cha nyumbani kwenu ni cha meli, angalia tarehe moja: Februari 12, 1944. Siku hiyo meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kwenda Kolombo, ilipigwa torpedo na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu 1,297. Zaidi ya nusu yao walikuwa wa kikosi kimoja cha mizinga, cha 301 cha Afrika Mashariki. Nitarudi kwenye meli hii, kwa sababu ndimo alimokuwamo kaka yake babu.

Vita vya Mjerumani ndivyo vigumu kuliko vyote. Watu wetu walikuwa pande zote mbili, wengine kwa Mjerumani, wengine Keya, na wengi mno hawakubeba bunduki bali mizigo. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni jina la jeshi hilo la wapagazi, Carrier Corps, lililotafunwa na ndimi zetu. Wapagazi walikufa makumi kwa maelfu, kwa kuhara, homa na njaa, na mara nyingi hawakuandikwa popote. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kama babu wa babu yako alikuwa mpagazi, ushauri wangu ni usitumie nauli kutafuta kaburi. Ruka hatua za katikati, nenda moja kwa moja kwenye kuandika.

Baada ya uhuru kuna Msumbiji, kuna Kagera, na kuna walinda amani wa miaka ya karibuni, kama wanajeshi wa Tanzania waliouawa Semuliki, mashariki ya Kongo, Desemba 7, 2017.

Mwaka ukikushinda, usimbane mzee kwa tarakimu. Uliza nani alikuwa ananyonya alipoondoka, nani aliolewa aliporudi, ni mwaka wa nzige au wa njaa gani. Mama yangu alizaliwa "miezi minane baada ya babu kurudi na blanketi la jeshi". Cheti chake cha ubatizo kina tarehe, kwa hiyo kurudi kwa babu nako kukapata tarehe.

Hatua ya pili: muulize viatu

Hili nililijifunza kwa mzee wa mtaani kwetu aliyepigana Kagera. Mara ya kwanza nilikwenda na maswali ya gazeti: mlijisikiaje, vita vilikuwaje. Alijibu, "Vilikuwa vita," akawasha redio. Nikakaa mwezi, nikarudi.

– Shikamoo, mzee wangu.
– Marahaba, mwanangu. Umekuja tena na hicho kisimu.
– Nimekuja nacho. Leo nataka unieleze viatu.
– Viatu?
– Mlivyovaa mkienda Masaka.

Akanyoosha mguu, akavua ndala, akanionyesha kidole gumba kisicho na kucha. Buti alilopewa lilikuwa la mtu mwingine, namba moja chini ya mguu wake. Alilikata mbele kwa kisu, na matope yakawa yanaingia mbele na kutokea nyuma. Kutoka kwenye buti tulifika kwa yule aliyemwazima kisu, kutoka kwake tukafika mahali alipoangukia, na jina lake, na kijiji chake. Dakika arobaini. Sikuuliza swali la vita hata moja.

Basi uliza vitu: viatu, blanketi, chakula cha mchana, sigara walizogawiwa, nani alipika, nani alicheka sana. Uliza majina ya waliolala hema moja. Uliza cheo cha aliyewaamrisha na walivyomwita kwa utani. Muombe akuonyeshe namna ya kushika bunduki kwa fimbo ya kutembelea, maana mwili unakumbuka kuliko mdomo. Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu Mwanza mwaka 1964. Serikali ya Ujerumani Magharibi ilikuwa imekubali kuwalipa askari wa zamani wa Mjerumani mishahara iliyokwama tangu 1918, wazee wakajitokeza kwa mamia, na wenye vyeti walikuwa wa kuhesabu. Inasemekana ofisa aliyeleta pesa alimpa kila mmoja ufagio na kumpa amri za gwaride kwa Kijerumani. Hakuna aliyekosea.

Yasiyoulizwa: aliua wangapi, na aliogopa au hakuogopa. Akinyamaza, nyamaza naye. Akilia, usizime simu kwa kishindo kana kwamba umeshtakiwa, igeuze tu kifudifudi na umwite mtu wa nyumbani. Na ukiona mkewe au mwanawe anakukonyeza kwamba imetosha, imetosha.

Kuhusu kurekodi, simu ya kawaida inatosha. Usiiweke juu ya meza tupu, kila kikombe kitasikika kama mzinga. Iweke juu ya khanga iliyokunjwa. Anza kwa kutaja tarehe, mahali, jina lako na jina lake, maana baada ya miaka kumi faili lenye tarakimu tu halimwambii mtu kitu. Siku hiyo hiyo nakili mahali pa pili. Ndani ya wiki moja andika kwa mkono majina yote ya watu na mahali, kisha mrudie mzee akusahihishe. Mimi nilisikia "Lukaya", mji wa Uganda, nikaandika "Rukia", na kwa wiki nzima nilidhani nimegundua mchumba.

Hatua ya tatu: fungua sanduku

Medali zinasema ramani. Nyota ya bibi ilikuwa Burma Star: utepe wake ni mwekundu katikati, buluu nzito pembeni, na mstari wa rangi ya chungwa ndani ya kila buluu. Utepe wa rangi ya mchanga wenye mstari mwekundu katikati na mistari miwili myembamba ya buluu, mmoja mzito na mmoja wa mbingu, ni Africa Star, na kwa askari wa Keya mara nyingi maana yake ni Somalia au Habeshi. Medali ya duara yenye simba aliyesimama juu ya joka la vichwa viwili ni War Medal ya 1939 hadi 1945, waliyopewa karibu wote waliokuwa jeshini wakati ule, kwa hiyo peke yake haikuambii alipigana wapi.

Geuza medali uangalie ukingo. Za Kiingereza za vita vya Mjerumani kwa kawaida zimepigwa namba, cheo na jina kwa herufi ndogo, inayotaka mwanga wa ubavuni na jicho la kijana. Nyota za vita vya Hitla mara nyingi ziko tupu. Ya bibi ilikuwa tupu.

Tafadhali, usiisugue kwa majivu na ndimu. Najua sufuria hung'aa. Medali nayo hung'aa, ila herufi za ukingoni huondoka na uchafu. Ifute kwa kitambaa kikavu, uiweke kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki unaotoa jasho. Utepe ukiwa umeoza, uache hivyo hivyo, usiutupe.

Ndani ya sanduku tafuta pia cheti cha kuachishwa jeshi, kitabu cha mshahara, barua, na picha. Namba ya askari ndiyo dhahabu. Inaweza kuwa na herufi mbele ya tarakimu, iandike yote kama ilivyo. Kwenye picha, angalia bega: kichwa cha kifaru ni alama ya ile Divisheni ya 11. Piga picha mbele na nyuma ya kila karatasi kabla ya kuikunjua kwa nguvu, kwa sababu karatasi ya miaka themanini huvunjika palepale pa mkunjo, na mikunjo hupenda kupita juu ya majina.

Hatua ya nne: tafuta jina kwenye orodha

Hii ni kwa aliyekufa akiwa jeshini tu. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha kwenye tovuti yake, cwgc.org, na kuitafuta ni bure. Inawahusu waliokufa kati ya Agosti 4, 1914 na Agosti 31, 1921, na kati ya Septemba 3, 1939 na Desemba 31, 1947. Ziangalie vizuri tarehe za mwisho. Askari aliyefia kambini kwa kichomi mwaka 1946, vita vimekwisha, naye anahesabika.

Ugumu ni tahajia. Karani aliyeandika jina hakujua lugha ya aliyekuwa mbele yake, na aliyekuwa mbele yake wakati mwingine hakutoa jina la nyumbani. Hamisi utamkuta Khamis, Amisi, Hamis. Mwakalinga atakuwa ameng'olewa "Mwa". Jina la baba litakuwa limekaa mahali pa ukoo, au jina ni moja tu, halina mkia. Usijaze visanduku vyote vya kutafutia. Jaza jina moja, mwaka, na kikosi: King's African Rifles kwa Keya, East African Artillery kwa mizinga, African Pioneer Corps kwa waliochimba na kujenga, East African Army Service Corps kwa madereva na wachukuzi wa shehena. Kisha badilisha herufi moja moja. Ukiona anayefanana, linganisha namba, si jina.

Sisi tulikuwa na tarehe ya meli na hatukuwa na namba. Niliweka kikosi cha mizinga na siku ya Februari 12, 1944, nikaanza kushuka. Jina baada ya jina, siku moja ya kifo. Unasoma kumi, unasoma hamsini, tarehe haibadiliki. Nilimpata usiku wa tatu. Herufi ya kwanza ya jina lake ilikuwa imeanguka na jina la baba lilikuwa na "r" palipotakiwa "l", lakini maandishi ya chini yalitaja wilaya ya kwetu. Nilikwenda kumwamsha mama. Alisoma, akasema, "Huyu ni yeye. Wamemwandika kama tunavyomwita tukiwa na mafua."

Ukiwa na ushahidi kwamba wako alifia jeshini ndani ya tarehe zile na hayumo, tume hupokea maombi ya kuongeza jina. Watataka karatasi, na simulizi peke yake haitoshi. Kosa la tahajia nalo linaweza kuombewa marekebisho.

Hatua ya tano: nyaraka, ukiwa na subira

Nitapita haraka hapa. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga, ina mafaili ya serikali ya kikoloni, yakiwamo ya wilaya, ambamo unaweza kukuta habari za kuandikisha askari na za kuwarudisha makwao. Kenya wana yao, Nairobi, barabara ya Moi. London, eneo la Kew, kwenye nyaraka za taifa za Uingereza, kuna shajara za vikosi: mafungu ya WO 169 kwa Afrika Mashariki na Mashariki ya Kati, WO 172 kwa Burma. Shajara hazimtaji askari wa kawaida ila kwa nadra, lakini zinasema batalioni ililala wapi kila usiku, mvua ilinyesha kiasi gani, wangapi walijeruhiwa. Ukijua batalioni ya babu, umepata siku zake. Faili lake binafsi usilitarajie. Kwa askari wa JWTZ, anayeweza kuuliza ni mwenye haki ya urithi, kwa barua na vyeti vya kuzaliwa, na majibu huja kwa mwendo wa jeshi.

Hatua ya sita: kwenda alipo

Waliofia Kagera wapo Kaboya, wilayani Muleba. Waliofia kwenye mapambano ya Msumbiji wapo Naliendele, Mtwara. Makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yapo Dar es Salaam kwenye barabara ya Bagamoyo, yapo Moshi, Iringa, Morogoro, na ng'ambo ya mpaka yapo Voi, Taveta na Nairobi barabara ya Ngong. Aliyepotelea Burma bila kaburi huenda ameandikwa kwenye mnara wa Rangoon, ndani ya makaburi ya Taukkyan, pamoja na wenzake karibu 27,000. Wa meli ile wapo kwenye mnara wa East Africa Memorial, ndani ya makaburi ya Nairobi.

Makaburi ya jeshi hayaendewi kama ya kijijini. Kaboya na Naliendele uliza kwanza, kwenye kambi au ofisi ya wilaya, uambiwe siku. Usifike na kamera shingoni. Yale ya Jumuiya ya Madola yana mtunzaji, na kwa kawaida kuna kitabu cha wageni. Chukua karatasi yenye namba ya safu uliyoitoa kwenye orodha, la sivyo utazunguka mchana kutwa. Kama jina liko ukutani, chukua karatasi nyembamba na penseli laini, bandika juu ya jina, sugua taratibu hadi herufi zijitokeze. Nilifanya hivyo Nairobi nikiwa nimepanda juu ya ndoo ya mtunza bustani. Karatasi ile mama aliigusa kwa kidole, herufi moja moja, ikiwamo ile "r".

Hatua ya saba: siku ya kumkumbuka

Julai 25 ni Siku ya Mashujaa Tanzania. Mwenge wa mashujaa huwashwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Asubuhi Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, mabalozi shada la maua, meya upinde na mishale, na mzee wa askari wastaafu huweka shoka. Mizinga hupigwa, baragumu hulia, viongozi wa dini huomba kwa zamu. Mimi humtazama yule mzee wa shoka. Hutembea polepole kuliko wote, na mkono ukifika usawa wa kofia kwa saluti hautetemeki. Mikoani nako hufanyika. Kama una mzee wa Kagera, mpeleke, mpelekee na kiti, kwa sababu mara nyingi viti vya mbele hujaa wasiopigana.

Kenya wana Oktoba 14 kwa ajili ya wanajeshi wao. Mei 29 ni ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Novemba 11 ni ya Jumuiya ya Madola, na lile ua jekundu la karatasi ni desturi ya Waingereza, livae ukipenda.

Lakini sherehe ya taifa haimtaji wako. Hiyo ni kazi ya nyumbani. Waislamu wasome khitima, na kabla ya dua msomaji apewe karatasi yenye jina la marehemu na la mama yake. Wakatoliki waandikishe nia ya misa mapema, hasa Novemba, maana daftari la parokia hujaa mwezi wa marehemu. Chagua tarehe yenu ikiwa mnaijua, chagua Julai 25 kama hamuijui. Kisha mtu mmoja asimame aeleze kwa dakika kumi: alikuwa nani, aliondoka lini, alifia wapi. Watoto wakae mbele. Medali ipitishwe mikononi, si kwenye kioo.

Kwetu jambo lilikuwa zito zaidi. Kaka yake babu hakukaliwa tanga. Hakuna aliyeleta habari, na huwezi kumlilia mtu ambaye huenda yuko njiani. Mama yao alimwekea sahani kwa miaka, ndivyo bibi alivyosimulia. Tulipopata tarehe, wazee walikaa chini ya mwembe wakajadili kama tanga hukaliwa baada ya miaka zaidi ya sabini. Shekhe alisema dua haina mwaka. Tulikaa siku moja, tukala pilau, tukavunja.

Hatua ya nane: andika jina pakavu na palipo wazi

Daftari la ukoo kwanza, kwa wino mweusi, nakala mbili, nyumba mbili tofauti. Andika: jina kama linavyotajwa nyumbani, jina kama lilivyo jeshini, namba, cheo, kikosi, alikozaliwa, alikofia, tarehe, na jina la mtu aliyekueleza kila jambo. Hilo la mwisho wengi huliacha, kisha mjukuu anashindwa kujua aamini lipi.

Halafu jiwe. Si lazima marumaru. Fundi wa vitofali atakutengenezea bamba la saruji, futi moja na nusu kwa futi moja, na herufi zichorwe kwa msumari kabla saruji haijakauka. Mwandikie fundi kwa herufi kubwa kwenye karatasi, simama pembeni yake, usiende kunywa chai. Wetu alianza kwa kukosea mwaka, tukamkuta angali na mwiko, tukafuta kwa kiganja.

Tulibishana kuhusu tahajia. Mjomba alitaka ya mnara, kwa kuwa ndiyo ya serikali. Mama alikataa. Tukaandika jina la nyumbani juu, na chini yake namba ya jeshi, ili atakayekuja na orodha mkononi aweze kuviunganisha. Bamba liko pembeni ya kaburi la babu, chini ya mkorosho. Bibi aliomba nyota ishindiliwe kwenye saruji, nikamwambia itaoza. Alifikiri kidogo, akasema basi airudishe kwenye kitambaa chake, kuna upepo.